Kupe na Sauti ya Nyuki wa Chuma

Jina la Kupe hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wakili mmoja mnene aliyeshindwa naye kesi ya shamba la urithi, akatoka mahakamani anajipangusa jasho na kulalamika, "Yule si mwanamke, yule ni kupe. Akishakuganda, humtoi mpaka ashibe." Maneno hayo yakatembea kuliko wakili mwenyewe. Kupe alipoyasikia alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo akawa anajitambulisha hivyo hata kwenye simu: "Kupe hapa, nani mwenzangu?"

Mimi nilimjua alipokuwa ameshachoka na mashamba. Alikuwa ameona ndugu wa tumbo moja wakigombea mstari wa miti hadi akaanza kuota vigingi vya mipaka usingizini. Akaacha ofisi ya uwakili yenye zulia na kiyoyozi, akaja kwetu, ambako zulia halikuwepo na kiyoyozi kilikuwa dirisha. Mama yake alisikitika sana. "Umesoma sheria yote ile, mwanangu," alimwambia, "leo unakwenda kutetea watoto wanaocheza?"

"Mama," Kupe akamjibu, "wanaocheza wana vipara siku hizi."

Na kweli walikuwa navyo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la magodoro, na kazi yetu ilikuwa kufufua gemu za zamani: zile za mashine kubwa za kusimama, zenye fimbo na vitufe, zilizokuwa zikimeza sarafu kwenye kumbi za michezo enzi hizo. Tulizitoa kwenye bodi zao za umeme zilizoota kutu, tukazifanya zichezeke sebuleni, kwenye konsoli za leo, vile visanduku vya gemu vinavyochomekwa kwenye televisheni. Mimi nilikuwa fundi wa programu. Kupe, ambaye meza yake ilitazamana na yangu, alikuwa mtafuta ruhusa. Watu hudhani kazi ngumu ilikuwa yangu, na hata mimi nilidhani hivyo, mpaka tulipoamua kufufua Nyuki wa Chuma.

Kama hukuwahi kusimama mbele ya mashine ile, nikueleze kidogo. Wewe ni nyuki, mwili wako wa bati na misumari, na nyigu wameuchoma mzinga wenu. Unaruka katikati ya moshi, unaokota matone ya asali, unapigana mpaka umfikie malkia. Haina huruma gemu ile. Nyigu akikuwahi unaanguka, skrini inakuwa nyeusi, halafu ndani ya giza hilo inatoka sauti ya mwanamke, kali, ya kugombeza: "Amka, nyuki! Mzinga unawaka!" Yeyote aliyepita kwenye kumbi zile anaikumbuka mpaka leo. Hata kama ulishaamua kwenda nyumbani, ukiisikia tu, mkono ulizama wenyewe mfukoni kutafuta sarafu nyingine.

Maombi ya kuirudisha yalikuwa hayakatiki. Bosi wetu, mtu mwembamba asiyeweza kungoja hata chai ipoe, alipata bodi nzima kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, na kabla mvua hazijaisha nilikuwa nimeshaikalisha gemu kwenye konsoli. Ikacheza bila kukwama. Tukapiga makofi. Bosi akaita kutoka upande wa pili wa chumba, "Kupe, tuandikie hiyo ruhusa, tutoe mzigo!"

Kupe akainua macho. "Ruhusa ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Ndiyo nakuuliza. Mwenyewe nani?"

Kampuni iliyoitengeneza gemu ilikuwa imefilisika zamani, na kampuni ikifa, mali yake hutawanyika kama nguo za marehemu: huyu koti, yule viatu. Jina linaweza kwenda huku na programu kule. Na wenye konsoli, yaani kampuni inayozitengeneza, hawana mzaha. Kabla hawajaiingiza gemu kwenye duka lao, wanataka uthibitisho uliosainiwa wa kila kitu mteja atakachokiona na kukisikia. Jina, michoro, programu, sauti. Kikikosekana kimoja, mlango haufunguki.

"Ni kama shamba tu," Kupe alisema, akainuka na kwenda kuandika kwenye ubao wa ukutani. "Ila hili hulikanyagi."

Alianza na jina, na jina tulilikuta mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwa mtengeneza kufuli. Kampuni ilipofilisiwa, mali zake zilinadiwa, na mzee huyo akanunua jina la Nyuki wa Chuma pamoja na nembo yake ya nyuki na haki zake zote, kwa sababu lilimpendeza masikioni. Kufuli zake, zenye jina hilo na nyuki huyo, zilining'inia kwenye nusu ya milango ya mji. Hata duka la magodoro chini yetu lilikuwa nayo. Tulikuwa tukiipita kila asubuhi.

Karakana yake ilinuka mafuta na chuma kilichopata moto. Mzee mwenyewe alizungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, maana alikuwa amezoea kushindana na mashine.

"Nyuki wangu amekaa kwenye milango ya watu miaka na miaka!" alisema. "Watu wanamwamini! Sasa nyie mnataka akafanye nini huko kwenye gemu?"

"Apigane na nyigu," Kupe alisema.

"Akishindwa?"

"Anakufa."

Mzee akapiga meza kwa kiganja. "Haya, sikia hiyo! Nyuki wa Chuma anakufa! Nani ataninunulia kufuli tena?"

Nilijua tumekwisha. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Kupe yeye akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Mzee wangu, anakufa halafu anaamka. Anakufa tena, anaamka tena. Mchezaji ndiye anayechoka, nyuki hachoki. Hebu nambie wewe uliye fundi: kuna kufuli gani hapa mjini inayovunjwa asubuhi, na jioni inafunga kama kawaida?"

Mzee alimtazama. Akaitazama kufuli iliyokuwa mkononi mwake. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda polepole mpaka mabega yakaanza kutikisika, na mafundi wake wawili wakazima mashine kuja kuona kuna nini. "Mama huyu," aliwaambia, "angekuwa mwizi, tungefunga karakana." Alikubali. Jina litumike kwenye gemu peke yake, lisiguse kitu chochote kinachofunga, na mwanzoni pawe na maneno madogo ya kumtaja yeye kama mwenye jina. Kupe alichomoa karatasi mkobani kabla mashine hazijawashwa tena.

Tulirudi ofisini tunaimba. Hatukujua kwamba huo ulikuwa mteremko, na mlima ulikuwa mbele.

Programu na michoro vilikuwa na wenyewe wawili, ndio walioianzisha ile kampuni. Mmoja ni Seremala, aliyetengeneza makabati ya mashine, akayapitishia nyaya, na kuchora kila nyuki na kila nyigu. Wa pili ni Mwalimu wa hisabati, aliyeandika programu nzima akitoka shuleni. Walikuwa mashemeji: Mwalimu amemwoa dada mdogo wa Seremala. Wote wawili walikuwa werevu, gemu waliikopesha tu kampuni, hawakuipa. Kwa hiyo kampuni ilipokufa, gemu ilibaki yao. Lakini walikubaliana kimaandishi kwamba hakuna atakayeitoa bila mwenzake, na baada ya hapo wakanuniana.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa rangi. Kwenye maonyesho makubwa ya mwisho, Seremala alipeleka kabati jipya, na ubavuni alikuwa ameandika "Kazi ya" kisha jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa kama sahani. Mwalimu akaja na walimu wenzake na wanafunzi wake ili awaonyeshe kazi ya mikono yake. Akatafuta jina lake, hakuliona. Akageuka, akaondoka. Basi. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyepigwa. Kupe alisema ugomvi wa namna hiyo ndio mbaya, kwa sababu mkosaji akitaka kurudisha, hajui arudishe nini.

Seremala tulimkuta katikati ya vumbi la mbao, akatukaribisha kwa furaha, akaomba aone gemu yake ikicheza, akaisifu. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, "Na Mwalimu ameshasaini?"

"Bado."

"Basi mrudi akishasaini. Mimi simtangulii."

Kupe akamuuliza jambo jingine. "Na ile sauti ya mwanamke, kaka? Ni ya nani?"

Seremala alichukua msumeno. "Mambo ya sauti aliyaleta Mwalimu. Muulizeni yeye." Akainamia ubao wake akaanza kukata, na tulipoaga hakuitikia.

Kwa Mwalimu hatukufika hata barazani. Alisimama ndani ya geti, mrefu, mkavu, miwani imeshuka puani. "Seremala ameshasaini?"

"Anakusubiri wewe, Mwalimu."

"Aendelee kusubiri." Akafunga geti na kupachika kufuli. Kupe aliitazama ile kufuli kwa makini; ilikuwa na picha ya nyuki.

"Angalau huyu tumeshampata," alisema.

Tulirudi mara ya pili, geti halikufunguliwa kabisa. Siku hizo Bosi alikuwa hatulii. Wenye konsoli walikuwa wametupa nafasi kwenye duka lao, na walishatuambia kwamba karatasi zisipokamilika kabla ya msimu kuisha, nafasi itapewa wengine. Akatujia na maarifa yake.

"Tutoe tu," alisema. "Wakilalamika, tutazungumza nao mbele ya safari."

"Bosi," Kupe alisema, "nimeona nyumba ya ghorofa ikibomolewa kwa sababu mtu alisema tutazungumza mbele ya safari. Mimi sipeleki karatasi ya uongo."

"Basi ile sauti tuibadilishe, tupunguze tatizo moja."

Tulijaribu. Bosi akamleta mtangazaji mwenye sauti ya asali, akasimama mbele ya kinasa sauti, akasema "Amka, nyuki" kama anayembembeleza mtoto mchanga. Tukawaita wachezaji wachache wa zamani waje waisikilize. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja, mtu wa makamo mwenye kipara kinachong'aa, akasema, "Huyu nyuki atalala zaidi." Hatukurudia tena.

Kupe alikaa siku nzima akitazama ubao wa ukutani. Jioni akasema, "Kesho unipeleke kwa Mwalimu."

"Hatufungulii."

"Hataki kuonana na wakili. Hajakataa mteja wa mkewe."

Ndipo nilipokumbuka. Pembeni ya lile geti palikuwa na mlango mdogo, na juu yake kibao kilichoandikwa kwa mkono: MSUSI. Mke wa Mwalimu alisukia watu nywele kwenye chumba cha mbele. Tulipita hapo mara mbili tukidhani huyo si wa kesi yetu.

Chumba kilikuwa kidogo na safi: kioo kirefu, viti viwili, kabati la mafuta na vitana, pazia linalotenganisha na ndani. Msusi alikuwa mwanamke mnene wa umri, mikono imeshiba, vidole vyepesi. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango. Kupe hakujificha. Kabla hajakaa alisema, "Mama, mimi ndiye yule wakili anayefungiwa geti na mumeo. Lakini leo nimeleta nywele, na nywele zangu hazina kesi."

Msusi alifungua kile kilemba alichokuwa amekifunga Kupe, akatazama kilichokuwa chini. "Hizi?" alisema. "Hizi zina kesi kubwa, mwanangu. Kaa."

Akaanza kusuka. Walizungumza habari za nywele, za binti wa msusi aliyeolewa mbali, za mvua, za bei ya nyuzi. Kupe hakuitaja gemu hata kwa bahati mbaya. Nikaanza kusinzia. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unakaribia kuisha wakati harufu ya kuungua ilipopenya kwenye pazia. Mwalimu alikuwa ameachiwa chungu akitazame, naye alikuwa amekitazama mpaka akalala kwenye kiti.

Msusi hakuuachia msuko. Aligeuza shingo tu, akapaza sauti. "Amka, we! Chungu kinaungua!"

Nywele zilinisimama. Jamani, ile sauti nilikuwa nimeikata vipande, nimeisafisha, nimeiunga, nimeisikia mara nyingi kuliko sauti ya mke wangu. Kupanda kwake kwenye "amka", kule kukatika mwishoni kana kwamba anafunga mlango: ilikuwa ni yeye. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba.

"Mama," nilisema, "hebu sema tena."

"Niseme nini? Chungu kimeshaungua."

Kupe alinitazama kupitia kioo, na nikaona ameelewa. Nilitoa simu, nikafungua kipande cha gemu, nikaongeza sauti. Nyuki akaanguka, skrini ikawa nyeusi. "Amka, nyuki! Mzinga unawaka!"

Mikono ya Msusi ilisimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Mimi huyo?" aliuliza polepole. Kisha akacheka, mkono mdomoni. "Jamani, mimi huyo! Alikuja na kinasa sauti siku hiyo, akanipa maneno hayo, akaniambia niyapigie kelele kama ninavyomwamsha aende shule. Nikapiga mara moja tu, majirani wakachungulia. Kumbe aliitia humo?"

"Watu wazima wanaikumbuka mpaka leo," nilimwambia. "Tulimleta mtangazaji, wakamkataa. Wanakutaka wewe."

"Na kuna mtu aliwahi kuniuliza kama nataka?"

"Hapana, mama," Kupe alisema. "Ndiyo nakuuliza sasa." Akamweleza taratibu, bado amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka. Sauti ni ya mwenye koo. Hakuna aliyesaini kwa niaba yake, na hakuna anayeweza. Wenye konsoli hawataipokea gemu bila ruhusa yake, kama vile wasivyoweza kuipokea bila ya mumewe na ya kaka yake. "Uko sawa nao, mama. Hawakuzidi hata kidogo. Ukisema hapana, nitaondoka hapa na nywele zangu, na sitarudi kukusumbua."

Msusi alikaa kwenye kiti cha pili. "Kwa hiyo mume wangu na kaka yangu wamenuniana miaka yote hii, jina la nani likae ubavuni, na mwenye sauti yuko jikoni?"

"Ndivyo ilivyo."

"Kaka yangu hajatia mguu hapa tangu siku ile. Harusi ya binti yangu hakuja. Alituma kabati." Ndipo nilipoelewa kwa nini Seremala alikuwa ameukimbilia msumeno tulipomuuliza habari za sauti: ilikuwa ya dada yake. Kisha Msusi akachukua simu yake juu ya kabati, akapiga, na hakusalimia. "Kaka. Mimi. Njoo nyumbani. Sijakuuliza kama una nafasi." Akakata.

"Na nywele, mama?" Kupe aliuliza.

"Zisubiri. Sitii kidole mpaka mambo haya yaishe."

Hivyo ndivyo wakili wetu alivyosimamia mazungumzo makubwa kuliko yote ya maisha yake, akiwa na kichwa nusu kwa nusu. Mwalimu alitoka ndani ananuka moshi, akatuona, akataka kurudi. Mkewe akamwonyesha benchi, akakaa. Baadaye kidogo Seremala akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama amekosea nyumba.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema, bila kumtazama yeyote.

"Fahali gani?" dada yake akamrukia. "Nyie ni majogoo, na kumekucha zamani! Kaa chini."

Alikaa benchi lile lile, mwisho wa pili. Msusi alisimama mbele yao, kitana mkononi. Aliwaambia kwamba atasaini, tena kwa moyo mmoja, lakini kwa sharti. Gemu itakapofunguka, majina yao matatu yatokee kwenye skrini, mstari mmoja, herufi za ukubwa mmoja. La kwake litangulie. "Maana mimi ndiye ambaye sikuulizwa lolote."

"Mstari mmoja hautoshi majina matatu," Seremala alinung'unika. "Mwisho wa ubao ndio mwisho wa ubao."

"Skrini siyo ubao," Mwalimu alisema. "Herufi zinapungua."

Walikuwa wamesemeshana.

Seremala alitazama viatu vyake. "Ubavu wa pili ulikuwa mtupu," alisema. "Nilikuwa bado na rangi mkononi, nakwenda kukuandika wewe. Kugeuka, hupo. Nikasema, kama ameondoka na aondoke."

"Ungeanza na ubavu wangu."

"Ningeanza nao, shemeji. Nilipenda kuona langu kwanza. Nilikosa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Na mimi ningezunguka upande wa pili," alisema. "Mtu anayefundisha pembe nne, akashindwa kuzunguka kabati!" Hapo Msusi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akawapiga mabegani na kitana, huyu na yule, na Kupe akachomoa karatasi mkobani. Alikuwa nazo zimekamilika. Alizibeba kila siku tangu tulipofungiwa geti. Seremala alimwachia Mwalimu kalamu, Mwalimu akamrudishia, wakasukumiana kwa adabu mpaka Msusi akawanyang'anya, akasaini wa kwanza.

Kisha akamalizia nywele za Kupe, na akakataa malipo.

Kikabaki kikwazo kimoja. Ofisa wa kampuni ya konsoli, kijana nadhifu sana wa kwenye simu ya video, alisoma kila kitu akaridhika, isipokuwa jambo la sauti. Alitaka kujua tutathibitishaje kwamba mama huyu ndiye aliyerekodiwa. Hapakuwa na mkataba wa zamani, hapakuwa na shahidi wa kampuni.

"Ana haki ya kuuliza," Kupe alituambia, kisha akamgeukia Msusi, aliyekuwa amekaa pembeni yangu ofisini amevaa nguo za kutokea. "Mama, mpe shahidi."

Msusi alijiweka sawa mbele ya kamera, akavuta pumzi, akaitoa yote. "Amka, nyuki! Mzinga unawaka!"

Kule upande wa pili, kijana aliruka, kikombe kikamponyoka, tukasikia kikivunjika. Chini, mwenye duka la magodoro akapanda ngazi mbio kuuliza moto uko wapi. Kijana alirudi kwenye skrini anapangusa shati, na kwa mara ya kwanza tukamwona akitabasamu. "Baba yangu alikuwa akinipeleka kwenye kumbi zile," alisema. "Imepita. Yote imepita."

Bosi alimkumbatia mwenye magodoro. Mimi nilimkumbatia Mwalimu, aliyekuja kumsindikiza mkewe, naye hakupenda. Kupe alikwenda kwenye ubao wa ukutani, akafuta kila kitu kwa kiganja, taratibu, kona mpaka kona, na wino ukambaki mkononi siku nzima bila kuunawa.

Siku gemu ilipotoka, tulikodi ukumbi, tukaweka konsoli na skrini kubwa. Watu walijaa mpaka wakamwagika barazani: wenye vipara, wenye mvi, na watoto wao waliokuja kuona baba zao wanapiga kelele za nini. Mtengeneza kufuli alikaa mstari wa mbele na kumweleza kila aliyekaa karibu kwamba nyuki yule akifa huamka. Majina matatu yalipotokea, mstari mmoja, Seremala alisimama akakagua kama anayekagua kiungo cha mbao, akasema, "Yako sawa." Mwalimu akamwambia yamepangwa kwa hesabu, siyo kwa bahati. Kisha ukumbi mzima ukamwita Msusi jukwaani, naye akapanda, akaangalia umati wote ule uliokuwa ukimngoja afungue mdomo, akasahau aseme nini, akacheka tu. Wakampigia makofi kwa hilo vilevile.

Kupe nilimkuta nyuma kabisa, kwenye foleni ya kucheza, mkoba begani. Mzee mmoja mbele yake alikuwa akimuuliza, "Na wewe dada, kwenye gemu hii ulifanya nini?"

"Niliomba ruhusa," Kupe alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu ambaye hajaelewa lakini hataki ijulikane, akageukia skrini. Zamu ya Kupe ilipofika alishika fimbo kwa mikono miwili, akaruka moja kwa moja mpaka kwenye nyigu wa kwanza, akafa papo hapo. Ukumbi ukamzomea kwa upendo. Akaiachia fimbo, akarudi mwisho wa foleni na kusimama tena, uso wote umejaa kicheko.